Babu wa Ishara Anajibu: Mtambo wa ruzuku, betri za nani?

Safu hii kwa kawaida hupata barua za mafao ya ustaafu, mipaka ya mashamba na, msimu ukifika, malalamiko ya bei ya korosho. Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu kazi yangu ya zamani, na mwezi huu nimeletewa barua za reli kutoka Nachingwea hadi Mikindani, mikoa miwili ambayo leo haina treni hata moja. Nimefurahi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kwa asiyenijua: nilikuwa fundi wa ishara za reli huko bara mpaka nilipostaafu. Waya, betri, taa na pointi, yaani pale treni inapohamishwa kutoka njia moja kwenda nyingine, ndiyo ilikuwa riziki yangu. Reli ipi sitaji, maana nitakayosema si yote ya kusifu, na bado nina jamaa kazini. Sasa ninahangaika na mikorosho hapa Naliendele.

Shikamoo babu. Mwalimu wa jiografia ametupa kazi kuhusu usafiri wa Marekani. Nimesoma kwamba serikali ya kule inatoa ruzuku ili reli ziwekwe mtambo wa kompyuta unaosimamisha treni dereva akikosea. Sielewi mambo mawili: mtambo unafanyaje kazi, na kwa nini kampuni tajiri zipewe fedha za walipakodi? Na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikijengwa, nasi tunaweza kuomba ruzuku hiyo?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Nachingwea*

Marahaba, mjukuu wangu. Umesema mambo mawili ukauliza matatu, lakini nitajibu yote. Tuanze na mtambo, kwa sababu watu wengi hubishania fedha za kitu wasichojua kinafanya nini.

Wamarekani wanauita Positive Train Control, kwa kifupi PTC. Ndani ya kichwa cha treni kuna kompyuta inayojua treni iko wapi kwa kutumia setilaiti. Imepewa uzito na urefu wa treni, na ina ramani ya njia nzima: kona ziko wapi, miteremko iko wapi, mwendo ulioruhusiwa kila kipande ni upi. Kwa redio inapokea habari za taa na pointi zilizo mbele. Muda wote inapiga hesabu moja tu: nikifunga breki sasa hivi, nitasimama wapi? Ikiona dereva anachelewa, inamwonya. Asipofanya kitu, inafunga breki yenyewe.

Sheria ya kule inautaka mtambo uzuie mambo manne: treni kugongana na treni, treni kuacha njia kwa mwendo kasi, treni kuingia pale mafundi wanapofanya kazi, na treni kupita pointi iliyoachwa vibaya. Hilo la tatu lisome mara mbili. Mimi nimepiga magoti katikati ya reli na bisibisi mkononi, nikitegemea kwamba mtu aliye kilomita nyingi kutoka pale amekumbuka kuwa nipo. Ningempa mke wangu mshahara wa mwezi mzima bila ubishi kama ningekuwa na mtambo wa kumkumbusha yule mtu.

Sasa chanzo chake. Tarehe 12 Septemba 2008, mahali panapoitwa Chatsworth, jijini Los Angeles, dereva wa treni ya abiria alipita taa nyekundu. Alikuwa akitumiana ujumbe wa simu. Kwenye njia ile ile moja ilikuwa inakuja treni ya mizigo. Watu 25 walikufa, yeye mwenyewe akiwemo. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo rais alitia saini sheria ya kulazimisha PTC kwenye njia kuu zinazobeba abiria na zile zinazobeba gesi za sumu, mwisho wake Desemba 2015. Bodi yao ya kuchunguza ajali, NTSB, ilikuwa imeanza kupendekeza mitambo ya jamii hii tangu mwaka 1970. Yaani mapendekezo yalikaa kabatini miaka 38, kisha sheria ikapatikana siku 34 baada ya ajali. Usidhani ni kwao tu.

Hapo ndipo fedha zinapoingia, na hapo ndipo ninakuomba uwe mwangalifu kwenye kazi ya mwalimu. Sheria ile iliruhusu ruzuku ya dola milioni 50 kwa mwaka kuanzia 2009 hadi 2013. Kuruhusu si kutoa. Bunge lao lilitoa milioni 50 mara moja tu, mwaka 2010, basi. Kampuni kubwa za mizigo, hizo unazoziita tajiri, zilitumia zaidi ya dola bilioni 10 kutoka mifukoni mwao. Kwa hiyo ukiandika kwamba serikali iliwalipia matajiri mtambo, mwalimu akikukata maksi nitakuwa upande wake.

Walioumia ni wengine: mashirika ya umma yanayosafirisha wafanyakazi asubuhi na jioni, ambayo nauli zake hazitoshi hata gharama za kila siku. Hawa walipewa amri bila mkoba. Muda ukaanza kuwaishia, na njiani ajali zikaendelea. Mei 2015 treni ya Amtrak, shirika lao la taifa la treni za abiria, iliingia kona huko Philadelphia kwa mwendo wa kilomita 170 kwa saa, mahali panaporuhusu 80. Watu wanane walikufa. Wachunguzi walisema mtambo ule, kama ungekuwa unafanya kazi kwenye kona hiyo, ungeizuia ajali. Mwaka huo huo bunge likaongeza muda hadi 2018, na kwa waliotimiza masharti fulani hadi 2020.

Baada ya hapo ndipo mikono ikafunguka. Mwaka 2015 shirika la usafiri la New York lilipata mkopo wa serikali wa karibu dola milioni 967 kwa ajili ya PTC, mkopo si ruzuku. Mwaka 2017 ruzuku ya karibu milioni 200 iligawiwa kwa reli za abiria wa mijini. Mwaka 2018 fungu jingine la zaidi ya milioni 200 likatoka. Na tarehe 29 Desemba 2020, siku mbili kabla ya mwisho wa mwisho, mamlaka yao ya reli, FRA, ilitangaza kwamba mtambo unafanya kazi kwenye njia zote zilizotakiwa, karibu kilomita 92,600.

Fedha hazikuwa kikwazo pekee. Mwaka 2013 kampuni za reli zilisimamishwa kusimika nguzo za antena za redio za mtambo kwa sababu maelfu ya nguzo hazikuwa zimepitiwa kuona kama zinaangukia maeneo ya kihistoria na ardhi ya wenyeji wa asili. Ukiwa na hela yote ya dunia na huna kibali cha nguzo, una maboksi tu ghalani.

Leo mfuko mkubwa wa ruzuku hizo unaitwa CRISI, ulianzishwa na sheria ya mwaka 2015, na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 iliutengea dola bilioni 5 kwa miaka mitano. Masharti yake yananipendeza, na nayasema kama mtu aliyewahi kujaza fomu za kuomba balbu. Kampuni kubwa ya mizigo haiwezi kuomba peke yake; waombaji ni majimbo, mashirika ya umma, Amtrak, reli ndogo na wengine wa namna hiyo. Angalau robo ya fedha lazima iende vijijini. Mwombaji anaonyesha kwa hesabu kwamba faida ya mradi inazidi gharama. Serikali inachangia hadi asilimia 80, iliyobaki unatafuta mwenyewe, na ukitafuta nusu nzima unapewa kipaumbele. Kisha unatumia kwanza, unapeleka risiti, ndipo unarudishiwa. Reli ndogo isiyo na akiba huweza kushinda ruzuku na bado ikashindwa kuanza kazi.

Baba yako Nachingwea kama ana mikorosho, hili analijua bila kwenda Marekani. Salfa ya ruzuku inakuja, tunaipokea kwa shukrani. Mashine ya kupulizia ni yako, petroli ni yako, kijana wa kuibeba mgongoni umlipe wewe, na usipopuliza kwa wakati ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, haukuulizi salfa ulipewa na nani. Ruzuku ya reli ndivyo ilivyo. Inanunua na kufunga. Leseni za programu kila mwaka, redio zinazokufa kwa radi, fundi wa kuamka saa tisa usiku, hayo yanabaki kwa mwenye reli, na hayana sherehe ya kukata utepe.

Nimeliona kwa macho yangu. Katika stesheni moja tuliwekewa mfumo mpya wa taa kwa fedha za wafadhili. Ulikuwa mzuri hasa. Tulipiga picha nao. Betri zake zilipochoka, hapakuwa na fungu la betri, kwa kuwa mradi ulikuwa umefungwa na ripoti imeshaandikwa kwamba umefanikiwa. Wakaja pia wezi wa shaba, wakakata waya wakauza kwa kilo. Tukarudi kwenye karatasi na simu, stesheni masta kwa stesheni masta, kama walivyofanya babu zetu. Treni zilipita salama, lakini kwa mwendo wa kuogopa.

La tatu, la kwetu. Ruzuku ya Marekani hatuwezi kuiomba, ni fedha za ndani ya nchi yao kwa reli zao. Sisi tuna njia zetu. Kuna Ushuru wa Maendeleo ya Reli unaotozwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Ulipoanza mwaka 2015 ulikuwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo. Kuna mikopo: Benki ya Dunia mwaka 2014 iliidhinisha dola milioni 300 za kukarabati njia ya zamani kati ya Dar es Salaam na Isaka. Na kuna reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024. Hiyo ilijengwa tangu siku ya kwanza ikiwa na mfumo wa Ulaya wa kulinda treni, ETCS ngazi ya pili: vidude vilivyofungwa kati ya reli vinaiambia kompyuta treni ilipo, na ruhusa ya kuendelea inakuja kwa redio. Wamarekani walilazimika kupachika mtambo juu ya njia zilizojengwa zama za mvuke, kampuni moja huku, nyingine kule, na kila kichwa kilitakiwa kielewane na njia ya jirani. Sisi tunaoanza upya tuna nafasi ya kuukwepa usumbufu huo.

Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, huko Ludewa, ni mpango wa kilomita kama 1,000. Siku watu wa mradi wakija kwenye ukumbi wenu kuuliza maoni ya wananchi, wengi watauliza fidia na ajira, na ni haki yao. Wewe simama uulize: mfumo wa ishara umo ndani ya bei ya ujenzi au utakuja baadaye? Na fungu la kuutunza kila mwaka litatoka wapi, limeandikwa kwenye mkataba ukurasa wa ngapi? Wakikuambia hilo ni suala la kitaalamu, waambie umetumwa na mtaalamu.

Shikamoo mzee. Nimeona video ya vizuizi vinavyoshuka vyenyewe barabarani treni ikikaribia. Hivyo navyo serikali ya Marekani inalipia? Na vinajuaje treni inakuja?
*Dereva wa bodaboda, Mnazi Mmoja, Lindi*

Marahaba kijana. Swali lako la pili ndilo tamu, hebu nianze nalo.

Chukua umeme mdogo sana wa betri, uupeleke kwenye reli ya kushoto, urudi kwa reli ya kulia, na mwisho wake uweke kifaa kinachoshikiliwa na umeme huo. Umeme ukifika, kifaa kimeshika, njia ni tupu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaunganisha reli mbili, umeme unapita njia ya mkato, haufiki kwenye kifaa. Kifaa kinaachia. Kuachia huko ndiko kunakowasha taa, kengele, na kushusha kizuizi.

Sasa sikiliza uzuri wake. Betri ikifa, umeme haufiki, kizuizi kinashuka. Waya ukikatwa, kinashuka. Hata reli ikikatika vipande viwili, mara nyingi umeme haufiki, kinashuka. Mtambo hauwezi kusema "njia ni salama" mpaka kila kitu kiwe kizima. Umevumbuliwa Marekani mwaka 1872 na bado uko kazini duniani kote. Kazini nilipokuwa nikiwaeleza vijana wapya jambo hili, wawili au watatu macho yao yalikuwa yanawaka, na hao ndio waliokuja kuwa mafundi wazuri. Waliobaki walikuwa wanauliza posho.

Siku hizi kuna vifaa vinavyopima pia kasi ya treni ili kizuizi kisishuke mapema mno kwa treni ya mwendo wa pole na kuchelewa kwa ile ya haraka. Sheria ya kule inataka onyo la sekunde zisizopungua 20 kabla treni haijafika barabarani. Na ninyi wa bodaboda sekunde 20 mnaziona nyingi. Mnapita kwa kuinamisha kichwa chini ya kizuizi. Treni ndefu ya mizigo ikifunga breki zote za dharura huhitaji kilomita moja na nusu au zaidi kusimama. Dereva wake atakuona vizuri sana. Hana la kukufanyia.

Kuhusu fedha: ndiyo, serikali inachangia, tena siku nyingi. Tangu sheria ya barabara ya mwaka 1973 wana fungu la kila mwaka la makutano ya reli na barabara, na kwa sheria ya 2021 limepewa dola milioni 245 kwa mwaka. Sheria hiyo hiyo ilianzisha mfuko mwingine wa dola bilioni 3 kwa miaka mitano wa kuyaondoa kabisa makutano hayo, kwa kujenga daraja au kufunga njia ndogo. Wana makutano zaidi ya 200,000, kwa hiyo hata hizo ni za kuchagua nani aanze. Na jua hili, wengi hawalijui: ule mtambo wa PTC niliomwelezea mjukuu wa Nachingwea hauna habari na pikipiki yako. Haukuoni. Umetengenezwa kuangalia treni, taa na pointi.

SGR yetu imezungushiwa uzio na barabara zinapita juu au chini yake. Kwa maoni yangu huo ndio usalama bora, ingawa wanavijiji hulalamika wanazunguka mbali na ng'ombe wao, na wana hoja. Vivuko vya chini viwekwe vya kutosha tangu kwenye michoro, maana mtu asipopewa pa kupita atatoboa uzio.

Babu, mwenzetu uliandika kuhusu teknolojia kana kwamba inamaliza ajali. Ndugu zetu wa Igandu mwaka 2002 ingewaokoa?
*Mfanyabiashara, Masasi*

Hapana. Na sikuandika kwamba inamaliza ajali, lakini swali lako ni la haki, kwa hiyo sitabishana.

Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya elfu moja ilipoteza breki kwenye mlima, ikarudi nyuma kwa kasi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Mtu yeyote aliyewahi kuvaa sare ya reli nchini hii tarehe anaijua bila kuangalia kalenda.

Mitambo ya kusimamisha treni, iwe PTC au ETCS, hufanya kazi kwa kupitia breki. Breki zisiposhika, kompyuta inatoa amri ambayo hakuna wa kuitekeleza. Kinachohitajika hapo ni kitu cha zamani na cha bei nafuu: kuzipima breki za treni nzima, behewa hadi behewa, kabla haijaondoka, na mtu mwenye mamlaka ya kusema treni haiondoki hata bosi akipiga simu. Huo si mtambo wa kuombea ruzuku.

Marekani nao wamepata funzo la aina hiyo. Februari 2023, huko East Palestine katika jimbo la Ohio, treni ya mizigo iliacha njia, mabehewa 38 yakaanguka, mengine yakiwa na kemikali. Mtambo wa PTC haukuwa na kosa, haukuhusika. Beringi ya gurudumu moja ilikuwa inaungua. Kando ya njia kulikuwa na vipima joto. Cha kwanza kilisoma nyuzi 21 za Selsiasi juu ya joto la hewa. Kilomita kama 17 mbele, cha pili kilisoma nyuzi 57. Cha tatu kilikuwa kilomita kama 31 kutoka hapo, na kilipolia kwa kusoma nyuzi 141, beringi ilikuwa imekwisha. Tazama umbali huo kati ya kipima na kipima. Hapakuwa na sheria ya serikali kuu iliyosema vikae umbali gani. Kila kampuni ilijipangia. Mimi ningeulizwa ni wapi pa kupeleka dola ya kwanza ya ruzuku kwenye reli ya mizigo mizito kama ya makaa ya Mchuchuma, ningesema vipima joto, vingi, karibu karibu. Havina sifa kama kompyuta ya setilaiti. Lakini makaa ni mazito na beringi hazijui siasa.

Baba yangu marehemu alinisimulia kwamba zamani treni ilianzia hapa kwetu kwenda Nachingwea. Je, iliondolewa kwa sababu ya ajali?
*Mama mkulima wa ufuta, Mkwaya, Lindi*

Mama, pole kwa kuondokewa na mzee. Alisema kweli. Reli ilitoka Mkwaya kwenda Nachingwea, ikafunguliwa mwaka 1949 kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. Karanga zenyewe zilikataa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli ilikuwa imeshajengwa. Wakaifikisha Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 ikafika Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Haikufungwa kwa ajali. Ilikosa mzigo wa kuilisha. Ndiyo sababu wasomaji wengine wakiniandikia kana kwamba kinachosubiriwa ni reli tu, mimi huuliza itabeba nini mwezi wa Aprili, korosho zikiwa zimekwisha kusafirishwa. Makaa na chuma cha Ludewa vikija kweli, jibu lipo. Mabaki ya tuta la zamani kama bado yanaonekana kwenu, niandikie ni upande gani. Natamani kwenda kuyaona magoti yakipoa.

Mwanangu anamaliza umeme VETA Mtwara. Kazi hizi za ishara za reli anaweza kuzipata, au mpaka awe na digrii?
*Baba wa watoto wanne, Mikindani*

Anaweza. Kwenye ishara kuna wenye digrii wanaochora na kuna mafundi wanaofungua boksi mvua ikinyesha, na hawa wa pili ndio huwa hawatoshi. Cheti chake cha umeme ni mwanzo mzuri. Aulizie kozi za reli katika chuo cha reli kilichopo Tabora, na katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Afuatilie pia matangazo ya ajira ya Shirika la Reli, asingoje kupigiwa na mtu.

Wakati anasubiri, ajifunze mambo matatu ambayo hayamgharimu sana: kusoma mchoro wa umeme bila kuelekezwa, kuunga nyaya za mawasiliano pamoja na faiba, na Kiingereza cha vitabu vya mitambo, kwa kuwa vitabu hivyo haviji kwa Kiswahili. Na awe na uvumilivu wa kuandika. Fundi wa ishara akigusa kitu, anaandika amegusa nini, saa ngapi, na amekiachaje. Kijana asiyependa kuandika mwambie abaki kwenye kufunga nyumba za watu umeme. Kuna hela huko pia.

Asije kwangu kuniomba nimpigie mtu simu. Akitaka kuja kuona jinsi kile kifaa cha betri na reli mbili kinavyofanya kazi, aje Jumamosi asubuhi. Ninacho kimoja kwenye meza ya barazani, na reli zake ni nondo mbili za kujengea.